Mwalimu Ila na Kibanja cha Buganguzi

Benchi liko mbele ya duka la Penina, Kashai, mkabala na kijiwe cha bodaboda. Kahawa hapa hainywewi. Inatafunwa, punje kavu kutoka kwenye kifurushi cha ganda la mgomba. Alhamisi alasiri walikuwapo watatu: Penina, Ismail wa bodaboda, aitwaye Rivasi kwa kuwa kila mjadala anaurudisha nyuma, na Mzee Karugendo, aliyefundisha falsafa miaka thelathini. Huyo wanamwita Mwalimu Ila. Jumamosi ukoo wake unakaa kikao Buganguzi, huko Muleba, kuamua kama dada yake, Anatolia, atarithi kibanja cha migomba alichokilima miaka kumi na minne, au ahame wapewe watoto wa kaka yao marehemu. Karugendo ndiye mkubwa wa ukoo, na neno lake ndilo la mwisho. Alikuja na daftari.

— Wasomi wanasemaje, Mwalimu? aliuliza Penina.

— Kuna Mwingereza mmoja. Anasema ardhi ni ya aliyeitolea jasho.

— Si imeisha! Anatolia ndiye anayelima.

— Hoja nzuri, ila migomba alipanda babu. Jasho la babu tumpe nani?

— Rudi nyuma, alisema Rivasi. Kama ni jasho, kibanja ni cha ng'ombe. Bila samadi unavuna nini?

— Toka hapa! alisema Penina.

— Kuna Mmarekani, aliendelea Karugendo. Anataka tugawe kama watu wasiojua watazaliwa nani, mwanamume au mwanamke.

— Huyo namkubali, alisema Penina.

— Hata mimi, ila hajafika Buganguzi. Kule hata mbuzi anajulikana ni wa ukoo gani.

— Na wazee wenu?

— Wanasema mwanamke ataolewa, ardhi iende ukoo mwingine. Nawaheshimu, ila Anatolia ana miaka sitini na moja. Anaolewa na nani?

— Mimi niko tayari, alisema Rivasi.

— Wewe! Hata pikipiki si yako, alisema Penina.

Rivasi alitema ganda la kahawa.

— Basi kibanja ni cha migomba yenyewe. Mgomba ukizaa, mtoto anabaki palepale. Umewahi kusikia mgomba umeuliza kama huyu ni wa kiume?

Karugendo aliacha kutafuna. Akaliandika hilo.

— Hoja nzuri sana, alisema. Ila...

Bodaboda ilisimama. Anatolia alishuka na kikapu chake. Alikuwa ametoka Muleba kwa basi la mchana. Akakunja goti kidogo.

— Shikamoo, kaka.

— Marahaba. Ndiyo habari yako tuko nayo hapa. Karibu kahawa.

Alichukua punje moja. Hakuitia mdomoni.

— Kaka, Jumamosi utasema nini?

Karugendo alifungua daftari.

— Yule Mwingereza...

— Atakuja kikaoni?

— Hapana.

— Basi nakuuliza wewe.

Karugendo alipekua kurasa mpaka ya mwisho, akaanza upya. Penina alitazama barabara.

— Mwalimu, alisema Rivasi kwa sauti ya chini, sema basi hata ila.