Mama Dorothée Mwavita na Hofu ya Macho, 1965–2023

Ndugu na majirani, ninyi wa Baraka na ninyi mliotoka Lulimba kwa miguu na kwa moto, pikipiki zetu hizi, mama tunayemlaza leo Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2023, alizaliwa tarehe 14 Mei 1965 porini juu ya Lulimba, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita. Ndiyo maana akaitwa Mwavita. Dorothée ni jina la ubatizo. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Henri Asukulu, mkulima, na mama Marie. Vita hakuviogopa. Alichokiogopa maisha yake yote ni upofu, na asiyejua hilo hakumjua mama huyu.

Hofu hiyo aliipata kwa baba yake. Alipoanza shule ya msingi Lulimba mwaka 1972, mzee Henri alikuwa bado anashika jembe. Binti alipoimaliza mwaka 1978, mzee alikuwa anashikwa mkono. Watu walisema karogwa. Wengine walisema ni mtoto wa jicho, angoje mtoto huyo akomae ndipo atolewe. Familia ikangoja miaka minne, huku ikimkamulia maji ya majani machoni, mpaka akapofuka kabisa. Binti ndiye aliyempeleka shambani, kanisani, hata chooni, na kila akirudi alijiuliza: na mimi je?

Swali hilo, na kusikia kwamba upofu mwingine huanza siku ya kuzaliwa, ndilo lililompeleka kusomea ukunga huko Nundu, kuanzia 1983 hadi 1985, kisha akaajiriwa katika maternité moja, nyumba ya kujifungulia, ya Baraka. Hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kupakwa mafuta ya dawa machoni saa ileile ya kwanza. Akina mama waliotaka kukamulia jicho jekundu maziwa ya titi waliujua ukali wake. "Ziwa ni ya kinywa!" aliwafokea. "Jicho ikitoka usaha, lete mutoto hapa leo leo, usingoje soko ipite!"

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Norbert, fundi wa mitumbwi, mtu wa utani mwingi. Mungu akawapa watoto watatu: Vanessa, Bienfait na Rosette. Vita vya 1998 viliwavusha ziwa hadi kambini Tanzania, wakarudi mwaka 2007. Huku nyumbani, kila asubuhi mama alisimama nyuma ya jiko, akafunika jicho moja kwa kiganja, akatazama milima ya Ubwari ng'ambo ya maji, kisha akafunika la pili. "Ubwari iko," alisema, ndipo akapika chai. Norbert alimtania: "Mama Vanessa, nani ataiiba?" Nyumba nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

Masikini, alikuwa anatazama mbele tu, na ugonjwa ulikuja kwa pembeni. Kuanzia mwaka 2014 alikuwa akijigonga kwenye miimo ya milango. Majirani walinung'unika kwamba mama Vanessa siku hizi ana majivuno, ukimsalimia ukiwa ubavuni kwake anapita kama vile hakukuona. Jamani, ni kweli hakuwaona! Mwezi wa Februari 2016 alimlaza kichanga mezani, nusu ya mwili ikabaki nje ya ukingo ambao yeye hakuuona. Bibi wa mtoto ndiye aliyemdaka. Mtoto hakuumia, yupo, anasoma. 

Wiki ileile alijipeleka mwenyewe kwa timu ya macho iliyokuwa imetoka Uvira. Muuguzi mmoja, jina lake Éliezer, alimketisha, akamwambia: "Mama, angalia tu ku pua yangu. Huku kando unaona vidole ngapi?"

"Vidole gani?" akauliza.

Éliezer aliteremsha mkono pole pole. Akamweleza kwamba ni presha ya jicho, ugonjwa usiouma, unaoanza kula pembeni na kumalizia katikati. Si sawa na mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. "Yenye ilienda haitarudia, mama. Yenye ilibakia tutailinda na matone, kila siku, mpaka kufa. Na batoto yako yote bapimwe. Hii inatembeaka mu familia."

Hapo akaelewa kwamba baba yake hakurogwa, na hilo lilimtisha kupita uchawi.

Aliacha ukunga mwezi uleule. Kwa miaka saba hakukosa matone yake hata siku moja, na macho yakabaki pale yalipofikia. Rosette alipimwa, akawa mzima. Vanessa alipimwa, akakutwa nayo mapema. Anatia matone, anashona, anaona. Aliyebaki ni Bienfait, dereva wa moto kati ya Baraka na Fizi. "Nikiambiwa niko nayo, nitaendesha na roho gani?" alimjibu mama yake. Mama hakuchoka. Siku moja alimfuata hadi kituoni, mbele ya wenzake, akamkamata shati: "Mutoto wangu, mi niliongoza baba yangu. Usinipe ile kazi mara ya pili."

Tarehe 5 Septemba mwaka huu alilazwa hospitalini hapa Baraka, miguu imevimba, moyo umechoka. Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi, aliwatambua mumewe na watoto wote kwa sura, mmoja mmoja. Akauliza: "Bienfait, ulienda kupimwa?" Akajibiwa: "Ndiyo, mama. Niko muzima." Akashusha pumzi, akasema, "Aksanti Yesu," kisha akakata roho.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Anayesoma karatasi hii ni Bienfait mwenyewe, na jibu lile lilikuwa uongo. Hajapimwa. Tangu Pasaka haoni abiria wanaomsimamisha upande wa kushoto, na mara mbili amesikia honi ya lori asiloliona.

Marehemu anaacha mume, Norbert, watoto watatu, wajukuu watano, na dada yake Nadège wa Lulimba. Wote wenye damu yake wanaombwa wapeleke macho yao kupimwa, wasingoje yaume, maana hayatauma. Jumatatu Bienfait anakwenda Uvira, akiwa amekaa nyuma ya moto ya mwenzake. Anaogopa sana, mama, lakini anakwenda. Umsamehe, upumzike kwa amani.