Karatasi Iliyo Nyuma ya Picha

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba funga mlango, maana shangazi yenu amekwenda kuchemsha maji ya kunikanda, na akirudi sitathubutu kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yangu si haya ya kifua, ni kijicho.

Mnaijua kazi tuliyofanya mimi na yeye, meza kwa meza, tukipima barafu ya ncha ya dunia bila kuikanyaga: setilaiti inapita juu, inatuma mawimbi ya rada, nasi tunapima muda wa kwenda na kurudi mpaka tupate kimo cha barafu. Kiangazi kimoja vipimo vikaonyesha imepanda nusu mita. Nikaandika, nikapigiwa makofi; ile picha ya sebuleni ni ya siku hiyo. Wiki ya pili mdogo wangu akaja na karatasi moja tu. "Kaka, barafu haijapanda. Theluji ya juu iliyeyuka ikaganda tena, ikawa gamba. Zamani mawimbi yalizama kwanza kwenye theluji laini. Sasa yanagonga gamba na kurudi mapema."

Nilisoma mara moja nikajua amenipita. Tangu utotoni alikuwa akinipita, na baba akimwita Kichwa mbele yangu, na iliniuma, wanangu, iliniuma kweli. Nikamwambia, "Umekosea hesabu, mdogo wangu, niachie hiyo karatasi." Akaniamini, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake. Mwaka haukuisha akaacha kazi, akaenda kufundisha watoto kujumlisha.

Basi shikeni haya. Karatasi iko ndani ya fremu, nyuma ya picha ile. Ipelekeni ofisini na jina lake peke yake. Langu msilitie, hata kwenye shukrani. Nyumba gawaneni bila kelele, ila chumba chenye meza ni chake. Wala msingoje nife. Mpeni karatasi yake leo hii, anitazame usoni, na akinitukana asijibiwe na mtu.

Ngojeni... nivute pumzi. Mungu awape mioyo ya kufurahia cha ndugu. Mimi hata sasa... Setilaiti itapita tena Ijumaa. Yeye ataviona vipimo, mimi sitaviona, na bado namwonea kijicho.

Hizo ni kandambili zake. Kitinda mimba... fungua mlango.