Sefania Shekiondo na Kiti cha Tatu

Marehemu Sefania Shekiondo alizaliwa Mtae tarehe 14 Mei 1929, mtoto wa nne wa Mzee Mika Shekiondo na Mama Secilia, wakulima na Wakristo wa Kilutheri. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Mtae hadi darasa la nne. Aliacha mwaka 1942 kwa sababu baba yake aliugua, si kwa uvivu. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba mkono wa mtoto huyu unaona mbali kuliko hesabu zake. Cheti hicho kipo nyumbani.

Mwaka 1948 alishuka Mombo, akawa utingo wa basi lililopanda Lushoto. Dereva wake alikuwa Timotheo, aliyevaa kofia kiupande na kuegemeza kiwiko dirishani hata kwenye kona mbaya. Kwa miaka minne Sefania alikaa nyuma ya kiti cha Timotheo, uso ubavuni, akichunga gurudumu la nyuma lisikanyage ukingo wa barabara. Basi lile halikuanguka hata mara moja.

Mwaka 1952 aliingia karakana ya misheni kujifunza useremala, na mwaka 1955 akafungua karakana yake karibu na soko la Lushoto. Tarehe 8 Desemba 1956 alifunga ndoa na Mwalimu Rahabu, binti wa mwinjilisti. Walikuwepo waliosema msomi ameolewa na utingo. Mwalimu aliwajibu kwamba alimwona akinyoosha ubao kwa jicho moja, naye akaridhika.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, wakala mmoja wa tiketi za ndege wa Tanga alimwagiza mfano wa ndege wa mbao, urefu wa mkono, wa kuweka dirishani pa ofisi. Alitaka vioo vya mbele vipakwe rangi ya samawati tu. Marehemu hakukubali. Alisema ndege isiyo na mtu mbele ni gari lililoegeshwa. Alichonga watu watatu kwa mti wa mlimau, kila mmoja kama punje ya mahindi, akawapaka rangi kwa ncha ya unyoya wa kuku, akawafunika kwa filamu ya eksirei iliyooshwa ikawa kama kioo.

Wakala aliinama kuchungulia. "Huyu wa nyuma ni nani?"

"Utingo."

"Fundi! Ndege haina utingo!"

"Basi nani anatazama matairi?"

Wakala alicheka mpaka akatafuta kiti. "Na rubani haweki kiwiko dirishani. Kule juu kuna baridi."

Hata hivyo aliichukua. Miezi mitatu baadaye aliandika barua: amemuuliza rubani wa kweli, akaambiwa kwamba nyuma ya marubani wawili huketi fundi mitambo, ameelekea ubavuni. Aliagiza ndege sita zaidi, "zote ziwe na utingo".

Kofia ya kiupande na kile kiwiko vilikuwa vya Timotheo, na marehemu hakuficha. Alimwonyesha ndege kabla haijafungwa, naye Timotheo akajisifu soko zima: "Mwaniona? Mie sasa dereva wa ndege!"

Timotheo alifariki mwezi Juni 1971, lori lake lilipokosa breki chini ya Soni. Hapo ndipo kicheko cha sokoni kilipogeuka. Ilisemwa kwamba Timotheo hakufa, kwamba Sefania amemuuza Tanga, sasa ni msukule anayeendesha ndege bila kulala. Mjane wa Timotheo, Jenoveva, alikuwa na uchungu, naye aliyasema hadharani. Wateja walikwepa karakana. Klara, binti wa marehemu, alirudi shuleni akilia. Wazee wa kanisa walimwomba marehemu asikaribie Meza ya Bwana mpaka shauri liishe. Ilikuwa miezi saba. Familia inalisema jambo hili leo mbele ya wote, ili lisisemwe tena nyuma ya nyumba.

Shauri lilisikilizwa Januari 1972 kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Yohane. Mwalimu Rahabu alikuwa amemwandikia wakala, na ndege ile ya kwanza ikapandishwa kwa basi kutoka Tanga. Alileta pia lenzi ya somo la sayansi, na kila mtu alitazama kwa zamu.

"Huyu wa mbele ni Timotheo kweli," alisema Mzee Yohane, akamgeukia marehemu. "Na huyu wa nyuma, mghoshi?"

"Ni mimi, mzee."

"Ukajiuza na wewe?"

"Kama nimemuuza, nimejiuza naye. Tazama nilipokaa."

Watu walicheka. Jenoveva hakucheka. Alitazama wa mwisho, akakaa muda mrefu na lenzi jichoni, akasema, "Kofia ameipatia," akaondoka. Shauri lilifungwa kwa maandishi. Jumapili iliyofuata marehemu alishiriki Meza ya Bwana. Mwaka 1974 kikundi cha ujamaa cha mafundi kilimchagua mwenyekiti, na waliompigia kura ni hao hao waliokuwa wakikwepa karakana yake. Madawati ya shule tatu za tarafa hii yalitoka mikononi mwao.

Kifua kilimwanza mwaka 1976, akatibiwa Bumbuli. Mwezi Machi mwaka huu Jenoveva alikuja kumwona na chupa ya maziwa. Alikuwa hajakanyaga nyumba hii tangu msiba wa mumewe. Alisema, "Shemeji, nami nitengenezee yangu." Marehemu alichonga, Mwalimu akimshikia lenzi. Timotheo peke yake alimchukua siku kumi na moja. Ndege ilipokwisha, kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Utingo alikuwa tayari ndani ya kiberiti, lakini marehemu alikataa kumpandisha. "Nikijipandisha mwenyewe," alisema, "watasema tena."

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 21 Agosti 1977, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na minane. Ameacha mjane, Mwalimu Rahabu. Watoto watatu, Elieshi, Klara na Mika. Na dada yake, Yudith, wa Mtae.

Juzi Jenoveva alirudi, ndege ikiwa imefungwa kwenye khanga. Akaiweka mezani mbele ya wazee wa kanisa, akasema, "Mwalimu, nipandishie utingo wangu. Gari la Timotheo halikuondoka kamwe bila yeye." Kiberiti kilifunguliwa, na Mwalimu akampandisha kwa kibano, wote wakiona. Ndege hiyo imesimama leo juu ya jeneza, na baada ya maziko itarudi kwa mwenyewe.

Amekaa mahali pake. Bwana ampe raha ya milele.