Ziwa Lililonifuata Mpaka Sange

Wapendwa, amani iwe kwenu. Mumezoea kuniona sokoni Mulongwe na beseni langu la ndagala, si hapa mbele ya kanisa. Munivumilie.

Ndugu zangu, nawaambia, ilianza na ndoto. Kila nikijilaza, ziwa lilikuja nyumbani kwangu. Halikuja na kelele kama siku zile lilipofurika. Lilipita chini ya mulango polepole, vuguvugu, likainua sufuria, likainua viatu vya watoto. Ndagala zangu kavu zikafufuka, zikaogelea kuzunguka kitanda ziking'aa. Ilikuwa vizuri kutazama, nisiwadanganye. Lakini maji yakifika kifuani pumzi inakatika, ninaruka kuketi, mudomo wazi, nikitafuta hewa.

Munajua desturi yetu: ndoto haikai na mwenyewe, inapelekwa kwa wamama wa maombezi. Nikaipeleka. Wakaiombea kwa machozi, wakaona ziwa linaniita, afadhali niondoke hapa pwani mpaka liniache. Wamama, musininunie, minye pia niliona hivyo. Nani kati yetu angepeleka ndoto kwa muganga wa hospitali?

Nikaenda Sange kwa dada yangu. Kule ni mashamba ya mpunga, huoni ziwa. Likanifuata hata huko. Kutoka nyumbani mpaka barabarani nilisimama njiani mara nyingi kuvuta pumzi. Miguu ikavimba mpaka viatu vikanikataa. Nikajifunza kulala nimeketi, mugongo kwenye gunia la mpunga. Dada yangu alinitazama, na nilijua anawaza nani atawalea watoto wangu. Minye pia niliwaza hilo, na niliogopa sana.

Ndipo akapita muuguzi mumoja. Alikuwa anafanya utafiti kwa wagonjwa wa muda mrefu, anawauliza wanasikia nini mwilini na wanaishi nayo namna gani. Dada yangu akamuleta.

"Mama, unajisikiaje?"

"Bwana asifiwe, niko muzima tu."

Muko munacheka. Muntu akikuuliza habari, utamujibu nini kingine? Maswali yake yote niliyajibu kwa heshima hivyo hivyo: hakuna shida, Mungu iko. Akaweka kalamu chini, akatazama chumba.

"Mama, unalala wapi?"

Nikamuonyesha gunia.

"Weye unalala umeketi? Kwa nini?"

"Nikijilaza, ziwa linaingia."

Hakucheka. Aliomba nimueleze ndoto yote, nikamueleza mpaka samaki. Kisha akapiga magoti, akabonyeza muguu wangu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

"Mama, haya maji hauyaoti. Moyo wako umechoka kusukuma, kwa hiyo maji yanabaki miguuni na kifuani. Ukilala chali yanakuzamisha. Tunaenda hospitali leo."

Tukaenda. Walinipa vidonge, maji yakatoka. Walinikataza chumvi, na munajua ndagala bila chumvi ni adhabu. Yule muuguzi akarudi tena na tena, tukatafuta pamoja namna ya kuishi na moyo huu: kupumzika kabla sijachoka, kutazama miguu kila asubuhi, kusema mapema.

Siku moja mchana nilijilaza kwenye mukeka. Nilipofungua macho, dada yangu alikuwa ananitingisha huku analia. Alinikuta nimelala chali, nimenyooka, akadhani nimekufa. Nilikuwa nimelala tu. Tulikaa pale tumeshikana, tukilia na kucheka.

Asante dada yangu, gunia lako nililiharibu. Asante wamama wa maombezi. Hamukuniacha, hata leo muko munaniombea. Asante kwa yule muuguzi aliyeweka kalamu chini. Ndoto tuendelee kuileta kwa maombi, lakini mwili ulioota tuupeleke pia hospitali. Mungu hatakasirika.

Munangojea niseme nimepona. Sikupona. Moyo huu nitakuwa nao mpaka mwisho, na vidonge ninavyo hapa, nimevifunga kwenye pagne hii niliyovaa. Lakini niko, na watoto wangu bado wako na mama yao.

Kuna muntu kati yenu ambaye analala ameketi na hajamuambia muntu. Usinyooshe mukono. Ibada ikiisha nitakuwa pale mulangoni, pita kunisalimia, nami nitakushika mukono twende wote hospitali.