Mbuzi Mmoja

OKEDI: Haloo? Haloo! Nani anataka Malaba? Sema haraka, niko na malori kumi na mbili hapa nje.

OPERETA: Ni Busia, mzee. Daktari wa kituo cha afya. Mko na dakika tatu. Daktari, pole na msiba. Ongea sasa.

VITALIS: Asante, Roselida. Haloo? Shemeji Okedi? Ni mimi, Vitalis.

OKEDI: Ah, shemeji! Ngoja — wee tanboi wa lori, toka hapo kwa mlango, hiyo fomu ya kastam haijagongwa muhuri! — Haya, shemeji. Dada yangu ameamkaje?

VITALIS: Anjeline ameamka. Hajala. Ameshika ile leso ya mama, hataki kuiachilia.

OKEDI: Wote tuko hivyo. Jana niliandika jina la mama mahali pa jina la dereva. Dereva akaniuliza, "Boss, huyu Akiror ni nani?" Nikaenda nje kidogo.

VITALIS: Shemeji, nimepiga juu ya Jumamosi.

OKEDI: Hata mimi nilitaka kukupigia. Wazee wa kwetu Moding wamekaa. Wamesema daktari asimame pale kaburini awaambie watu mama alikufa namna gani. Kuna midomo huko inasema amerogwa. Wewe ukisema saa yake ilifika, watanyamaza.

VITALIS: Ndiyo hiyo siwezi —

OKEDI: Na wanataka kukushukuru.

VITALIS: Kunishukuru mimi?

OKEDI: Habari imefika, bwana! Ati mama alianguka mbele ya watu wote, na wewe ulipofika ukasimama mbali, hukumshika. Mjomba amesema, huyu Msamia wa Namboboto ametushinda sisi wenyewe kwa adabu. Mkwe kushika kifua cha mama mkwe mchana kweupe? Si angekufa mara mbili?

VITALIS: Usinishukuru. Nakuomba, shemeji.

OKEDI: Mbona sauti yako —

(Laini inakwaruza.)

VITALIS: Unanisikia?

OKEDI: Kidogo kidogo. Sema kwa nguvu.

VITALIS: Siwezi, nesi wangu Nabwire yuko nje ya mlango. Sikia. Mwezi wa tatu nilienda Kisumu. Unakumbuka?

OKEDI: Ile kozi. Ulirudi na cheti, tukakuchinjia jogoo.

VITALIS: Kozi ilikuwa ya moyo. Moyo ukisimama, mtu si maiti bado. Unamlaza chini, unaweka mikono miwili katikati ya kifua, unabana mara kumi na tano. Unampulizia pumzi kwa mdomo mara mbili. Unabana tena. Una dakika nne hivi kabla ya ubongo kuharibika. Sista Benedetta alitusimamia na saa mkononi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani.

OKEDI: Ngoja. Ngoja kwanza. Mama ulimkuta ameanguka muda gani?

VITALIS: Sikumkuta. Nilimwona akianguka.

OKEDI: Ulimwona...

VITALIS: Nilikuwa hatua sita. Alikuwa amenipa mgongo kama kawaida, leso kichwani, anamngoja Nabwire amwangalie kifua. Miaka tisa nimemsalimia nikiwa nyuma ya ukuta. Akateleza kutoka kwa benchi. Leso ikaanguka. Ile ndiyo mara ya kwanza niliona uso wake, na nikaangalia kando. Nikaangalia kando, shemeji! Mikono ilijua kazi yake, ni mimi niliyeizuia.

OKEDI: Angerudi? Sema kweli.

VITALIS: Sijui. Wengine hawarudi hata ubane mpaka uchoke. Lakini mimi sikubana hata mara moja.

OKEDI: Vitalis.

VITALIS: Niko.

OKEDI: Unajua ungemshika, sisi tungekufanya nini?

VITALIS: Najua ni mwiko —

OKEDI: Mbuzi! Ungeleta mbuzi mmoja, wazee wale nyama, yaishe. Akina mama wangekutania mpaka uzeeke. Mama mwenyewe angekutukana huku anacheka. Mbuzi mmoja! Mimi niko na mbuzi tisa hapo Moding, ningekupa hata yule dume mweusi!

VITALIS: Na hiyo si yote.

OKEDI: Iko nini tena?

VITALIS: Nabwire alikuwa hapo. Alipiga magoti kando ya mama, akanitazama, akaniuliza, "Daktari, nifanye nini?" Yeye ni mwanamke. Yeye hakuhitaji mbuzi. Lakini hajui kubana, kwa sababu mimi sikumfundisha.

OKEDI: Si ulitumwa Kisumu ili urudi ufundishe wenzako?

VITALIS: Walinipa mtu wa mpira, mkubwa kama mtu mzima, wa kujifunzia. Nikamfungia stoo. Nilisema ni mali ya serikali, watamtoboa. Nabwire aliniomba ufunguo mara tatu, mara nne. Kweli yenyewe ni kwamba nilipenda kujua peke yangu. Wagonjwa walianza kuniita yule daktari wa Kisumu. Halafu ripoti ilipotakiwa, nikaandika nimefundisha watu sita. Jina la Nabwire nikaliweka la kwanza.

OKEDI: Uliandika jina lake.

VITALIS: Nikapiga na sahihi.

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?

VITALIS: Tuongezee —

OKEDI: Ongeza, dada! Ongeza!

OPERETA: ... Endeleeni.

OKEDI: Anjeline anajua?

VITALIS: Anajua kwamba saa ya mama ilifika. Nilimwambia hivyo mimi mwenyewe. Leo asubuhi ameninyooshea shati la kuvaa mazishini, akaniambia asante kwa kumheshimu mama. Nimeshindwa kulivaa hata kulijaribu.

OKEDI: Sasa mimi unanipa mzigo huu kwa simu, niupeleke wapi? Nataka kukutukana, na ofisi imejaa watu.

VITALIS: Nitukane.

OKEDI: Hapana. Sikiza. Jumamosi wewe hutasimama kusema saa yake ilifika.

VITALIS: Sitasema.

OKEDI: Na huyo mtu wa mpira?

VITALIS: Nabwire nimempa ufunguo asubuhi. Amemlaza chini, karibu na benchi lile lile. Namsikia hapa akihesabu. Anakosea, anaenda mbio sana.

OKEDI: Basi weka simu chini uende umwonyeshe!

VITALIS: Naogopa kupita pale.

OKEDI: Utapita. Lakini Anjeline kwanza. Mimi sitamwambia dada yangu neno kama hilo, nakataa — nakuja, nakuja, ngojeni! — Vitalis, gari za Kampala zimeanza kusukumana hapa. Umwambie mwenyewe, umesikia?

VITALIS: Nitamwambia. Baada ya mazishi, akishapata nguvu kidogo —

OKEDI: Baada? Ati baada? Vitalis, usi —

(Laini inakwaruza, inakatika.)

VITALIS: Haloo? Okedi? Haloo!

OPERETA: Malaba imeenda, daktari.

VITALIS: Irudishe, tafadhali.

OPERETA: Ikirudi utamwambia nini ambacho hujamwambia? Mimi naimba kwaya na Anjeline. Tunasimama bega kwa bega. Leo saa kumi na moja kwaya yote inakuja kwako kuombea msiba.

VITALIS: Roselida. Ulikuwa unasikiliza?

OPERETA: Nilikusikia, na sasa siwezi kukaa hapo nimshike mkono nikijua. Natoka kazini saa kumi. Natembea polepole, miguu yangu unaijua, wewe ndiye unaitibu. Nenda nyumbani sasa hivi, daktari. Fika kabla yangu.