Kesi ya Besi Isiyosikika

Kahawa ya Murjan hainywewi kwa haraka. Ina tangawizi inayochoma mpaka masikioni, na anayeitaka sharti akae kwenye benchi pale Olympic, mtaani Kibera, chini ya bati la duka lililofungwa, asikilize kesi ya siku. Kila siku ina kesi yake. Hakimu ni Jeconia, waliyempachika jina la Hansard kwa sababu anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa kwenye benchi hilo, na yale ambayo hayakusemwa anayakumbuka zaidi. Ushahidi huletwa na Billy Bando, kijana ambaye simu yake haijawahi kukosa bando hata siku ambazo yeye mwenyewe amekosa chakula. Jumamosi hii mshtakiwa alikuwa Osewe, fundi wa kupaka rangi siku za kazi, na Jumamosi jioni mpiga gitaa la besi wa Riruta Five, bendi inayopiga nyimbo za watu wengine katika baa ya Nzomo kule Kawangware. Benchi zima humwita Waya Nne, kwa sababu ya nyuzi za gitaa lake. Alikuwa amelipakata likiwa ndani ya mfuko wake, tayari kwa safari, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Cheza tena, akasema Jeconia.

Billy akacheza tena. Ilikuwa video fupi iliyorekodiwa na mlevi mmoja kwa Nzomo wiki iliyopita, ikazunguka Kawangware nzima kabla ya kuvuka Ngong Road. Wanne hao wakainamia simu. Duncan, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alisikika. Ngoma zilisikika. Gitaa la solo lililia vizuri, kinanda nacho kikajibu, na hata chupa zilizogongana mezani zilisikika. Osewe alionekana nyuma kabisa, macho ameyafumba, vidole vinatembea, kichwa kinakubali. Sauti ya gitaa lake haikuwepo.

— Sasa, omera, akasema Jeconia. Hapo unafanya nini?

— Napiga besi.

— Iko wapi?

Osewe akanywa kahawa. Laiti lingekuwa swali la Jeconia peke yake, angelicheka. Lakini asubuhi hiyo, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa Duncan. Nzomo ameiona ile video. Nzomo anasema haoni sababu ya kumweka jukwaani mtu asiyesikika. Leo atakaa mbele asikilize wimbo wa kwanza, na asipoisikia besi, bendi itabaki na watu wanne, na kazi ya Osewe itafanywa na mkono wa kushoto wa mtu wa kinanda.

Osewe hakuwa mtu wa kutetereka. Alijua anapiga vizuri jinsi alivyojua rangi imekauka bila kuigusa. Hata hivyo, tangu asubuhi video ile ilikuwa imemkaa kifuani. Mtu hujiamini, ndiyo, lakini kujitazama ukifanya kazi kwa moyo wako wote na usijisikie, hilo linauma.

— Hukuchomeka waya, akasema Billy. Ni hiyo tu. Hata mimi ishanipata na chaja, nikangoja simu usiku mzima.

— Nilichomeka. Nilikuwa naiskia kwa mguu.

— Kwa mguu?

— Besi haianzii kwa masikio, Bando. Inaanzia kwa mguu, inapanda tumbo. Ukiona mtu amesimama kudansi na hajui nini imemwamsha, huyo nimemwamsha mimi. Duncan anaimba, anapigiwa makofi, sawa. Lakini kiuno hakijui Duncan.

— Umesema vizuri, Jeconia akakubali. Na bado haiko kwa simu.

— Sasa bila wewe mtaitwa aje? Billy akauliza. Riruta Four?

Murjan akamtazama Billy kwa jicho la kumnyima kahawa.

— Nyinyi watoto hamjui hii Nairobi, Jeconia akaendelea, akikaa kihakimu. Kawangware ardhi yake ni laini. Kitu nzito ikiwekwa, inazama. Si mmeona vile nyumba za huko zinainama upande? Sasa sauti nzito nayo inazama hivyo hivyo. Inaingia chini, inatembea polepole, inatokea mtaa wa Satellite. Saa zile Waya Nne anapiga, kuna mtu Satellite anaskia besi kwa jikoni yake na hajui imetoka wapi.

— Na huku Kibera? akauliza Billy.

— Huku ni mwamba. Treni ikipita, si unaiskia mpaka kwa meno?

— Hansard, akasema Osewe, ushawahi kufika kwa Nzomo?

— Sihitaji kufika. Nilisoma jiografia.

Billy alitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa dawa za kienyeji.

— Achaneni na mchanga. Hawa ni watu wa mtandao. Video ikitumwa, lazima ipunguzwe uzito ndio ipite haraka. Sasa wakiangalia, nini ndio nzito hapo? Besi. Wanatoa besi. Duncan ni mwepesi, anapita tu. Ndio maana landlord akinitumia ile sauti yake ya kugomba, mimi siogopi. Uzito wote umebaki njiani.

— Huogopi kwa sababu hujawahi kumlipa, akasema Murjan.

— Hiyo ni kesi ingine, Baba Ilyas.

Murjan aliongeza makaa chini ya birika. Si mtu wa kuropoka. Huwaacha wengine wajichoshe kwanza, halafu huingia na kitu ambacho hakuna anayeweza kukichunguza, kwa kuwa wote waliokishuhudia wamelala makaburini.

— Babu yangu alipiga ngoma ya jeshi, akaanza. Ile kubwa, ya kuvaliwa kwa tumbo. Mbele kulikuwa na tarumbeta, na hao wa tarumbeta ndio walisifiwa na kupigwa picha. Babu alikuwa nyuma, hata kwa picha anaonekana mkono tu. Siku moja wako katikati ya gwaride, ngozi ya ngoma ikapasuka. Hakuna mtu alijua imepasuka. Walijua tu miguu imekataa. Wa kushoto anaenda kulia, wa kulia anasimama. Waliambiwa wageuke, wakashindwa kugeuka, wakaenda hivyo hivyo mpaka Ngong.

— Mpaka Ngong, Baba Ilyas? akauliza Billy.

— Walirudishwa na punda.

— Mwaka gani huo? akauliza Jeconia, ambaye hawezi kuacha kitu kiingie kichwani bila tarehe.

— Mwaka wa punda wengi.

Osewe alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Hadithi ilimfaa, hata kama punda walizidi. Hata hivyo, Nzomo hakuwa na gwaride la kuharibika. Alikuwa na baa, na baa ingejaa walevi wale wale hata kama kinanda kingepiga besi.

— Mimi naona shida ni wewe mwenyewe, Jeconia akasema sasa, akiwa ameachana na jiografia bila kuiaga. Kuna watu mashine hukataa kuwashika. Nilikuwa na binamu hivyo. Ukimpiga picha, anatoka ukuta. Ukimrekodi, unaskia kuku wa jirani.

— Hiyo ni ukweli, akasema Billy. Hata kitambulisho ya Waya Nne ina giza. Sasa skiza, buda, mimi nimepata dawa. Leo vaa koti ya kung'aa. Ukifika kwa wimbo wa kwanza, ruka. Nzomo akikuona umeruka, atadhani amekuskia.

— Mpiga besi haruki.

— Kwani iko sheria?

— Duncan akiruka, mimi nabaki chini kumngoja. Na mimi nikiruka, nani atabaki?

Alilisema kwa utulivu, kama anayetaja bei isiyopunguzwa. Lakini ndani alikuwa anafikiria jambo jingine ambalo hajawahi kulileta kwenye benchi. Kuna rumba moja ya polepole ambayo Riruta Five hupiga karibu kila wiki, wimbo wa zamani ambao watu wazima huuimba wakiwa wamefumba macho. Katika wimbo huo, pale besi inapotakiwa kwenda mbele, Osewe huirudisha nyuma hatua mbili ndogo kabla ya kuiachilia. Wenye wimbo hawakuziweka hatua hizo. Alizitunga mwenyewe, akipaka rangi dari ya mtu, akiipiga besi kwa mdomo. Duncan alishamwambia aziache, watu wanataka wimbo jinsi wanavyoujua. Osewe aliitikia, akaendelea kuzipiga. Nyimbo zote za bendi ni za watu, lakini hizo hatua mbili ni zake, na hakuna mlevi hata mmoja aliyewahi kuzisifu wala kuzilalamikia. Ndiyo maana video ilimuuma. Aliogopa kwamba simu ilikuwa inasema kitu ambacho baa nzima ilikuwa inakijua siku zote.

— Salaam aleikum.

Mwanamke wa buibui alikuwa amesimama mbele ya birika na mfuko wa mahamri. Alikuwa Mabrouka, mtoto wa dada yake Murjan, aliyeolewa Kawangware na ambaye huja kumsalimia mjomba mara moja moja. Wakaitikia wote, Billy akampisha kwenye benchi.

— Anti, umekuja wakati poa, akasema, akimsogezea simu. Cheki hapa. Huyu ni huyu. Unaiskia gitaa yake?

— Hiyo ni baa, Mabrouka akasema, akiisukuma simu kando. Mimi mambo ya baa siangalii.

— Ni ya huko kwenu tu. Kwa Nzomo.

— Kwa Nzomo? Hapo siingii, lakini napajua vizuri sana. Nyumba yetu imeshikana na hiyo baa, ukuta ni mmoja. Kitanda ya mtoto iko hapo hapo kwa ukuta.

Kisha akaona mfuko wa gitaa. Akamtazama Osewe kwa makini, jinsi mtu anavyomtazama jirani ambaye amezoea kumsikia tu akikohoa bila kumwona uso.

— Kwani ni wewe?

— Mimi nini, mama?

— Ile ya Jumamosi. Kuna moja huenda pole pole. Du, du-du, duu. Du, du-du, duu. Halafu inarudi nyuma kidogo, hivi, du-du, ndio inaendelea. Ikirudi hapo nyuma, Leila wangu analala. Jumamosi moja haikupigwa, tulikesha naye. Wiki yote mimi huimba hiyo nikiosha vyombo. Inaitwaje hiyo wimbo?

Jeconia alifungua mdomo kwa uhakika wote.

— Hiyo ni ile ya... si ni ile...

— Rudia, anti, akasema Billy.

Mabrouka akarudia, na hatua mbili za kurudi nyuma zikapita mdomoni mwake bila kukosea. Billy akatafuta kichwani, akatafuta kwenye simu, akakosa. Murjan akaimba kidogo naye, akapotea. Hakuna aliyeujua. Wote walikuwa wamewahi kuusikia wimbo huo mara elfu, lakini kwa mdomo wa mwimbaji, si kwa njia hii.

Osewe aliujua. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka akaogopa ingemwagika mbele ya watu. Alilitaja jina la wimbo polepole, na Mabrouka akashukuru.

— Sasa nimeelewa, Osewe akasema, akiigeuza simu ya Billy mkononi. Angalia spika ya hii kitu. Ni kama ukucha. Sauti nzito itatoshea wapi hapo? Inabaki nje. Na ukuta nao unafanya kinyume. Zile nyepesi zinagonga zinarudi, nzito inapita.

— Si nilisema wanatoa uzito? akasema Billy.

— Na nikasema inazama inatokea kwingine, akasema Jeconia. Kwa jikoni. Nilitaja hata jikoni.

Osewe hakuwabishia. Alikuwa ameshasimama.

— Leo Nzomo hatakaa mbele. Nitamwambia azunguke nyuma ya baa, asimame kwa ukuta wa huyu mama, tupige ile ya polepole. Akitoka hapo aniambie kama hasikii.

— Asimame tu pale kwa kamba ya nguo, akasema Mabrouka. Mume wangu atakuwa nyumbani, atamwonyesha.

— Na Duncan akikataa? akauliza Billy. Duncan hawezi kubali wimbo wa kwanza uchaguliwe na besi.

— Duncan ni nani? Mabrouka akauliza.

— Si ndiye mwenye huimba.

Mabrouka akauweka mfuko wa mahamri chini. Alimtazama Osewe, akalitazama gitaa, akamgeukia mjomba wake ahakikishe kwamba benchi halimtanii.

— Kwani kuna mwenye huimba?

Murjan aliinamisha birika juu ya kikombe, halikutoa kitu, na Osewe akalitupia gitaa begani akaenda kazini.