Aliyesaini Asichokiona

Ndugu, majirani na wote mliofika kutushika mkono, mimi ni binti yake wa kwanza, na karatasi ninayowasomea, isipokuwa maneno ya mwisho niliyoyaongeza mimi, marehemu baba yetu aliisahihisha mwenyewe mara tatu kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hakuamini kwamba tungesema kweli akishafumba macho.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa fundi saa na mama yake mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda cha saa. Alianza shule Januari 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, kisha akasomea ufundi wa redio, na mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti kuwa ni mtoto mwenye bidii ila hubisha hata jibu lililokwisha andikwa ubaoni.

Tarehe 3 Februari 1969 aliingia jeshini kama mtu wa redio, na vita vilimkuta juu ya kilima chenye mahandaki, katika kikosi kidogo ambamo wawili walikuwa kama ndugu zake, mmoja mpishi, mwingine kijana aliyewanyoa wenzake vichwa, kwa hiyo wote wakamwita Kinyozi. Alfajiri ya tarehe 22 Oktoba 1973 walirudi nyuma mbio mbio, na walipohesabiwa ng'ambo ya mto, Kinyozi hakuwapo. Luteni wao alileta karatasi iliyokwisha pigwa chapa, ikieleza kwamba mtoa taarifa alimwona Kinyozi akikimbilia kwa adui na bunduki yake, na baba, ambaye katika giza lile alisikia hatua za mtu tu, akasaini kama mtoa taarifa huyo. Kwa saini hiyo Kinyozi aliandikwa msaliti, mama yake akanyooshewa vidole mpaka anaingia kaburini, na dada yake akavunjiwa uchumba.

Baba aliacha jeshi mwaka 1976, na tarehe 1 Juni 1977 akaajiriwa katika ghala la filamu za serikali, chumba kirefu kisicho na dirisha, ambako alizisafisha na kuziunga filamu kwa miaka thelathini na mbili. Tarehe 18 Agosti 1979 alimwoa mama yetu, muuguzi, ambaye husema alichunguzwa miezi kumi na minne kabla ya kuposwa, hata fundi viatu wake akahojiwa. Walijaliwa watoto wanne, na sote tulikua tukijua kwamba baba hafungi mlango bila kurudi kuusukuma, wala hasaini chochote, hata ripoti za shule, ambazo alimwachia mama.

Tarehe 22 Oktoba 1993 wapiganaji kumi na mmoja, baba akiwamo, walirudishwa kilimani kuadhimisha miaka ishirini, mpiga picha akawafuata toka asubuhi hadi mchana, na filamu ile ikawekwa katika ghala la baba mwenyewe, lakini hakuwahi kuifungua. Ilikaa hapo hadi Mei 2004, ilipoanza kunuka siki, dalili ya filamu inayooza, ikabidi aiokoe, akaipitisha kwa mkono juu ya kioo chenye taa, picha moja baada ya nyingine. Haikuwa na sauti. Alimwona Luteni akihutubia, na nyuma yake mpishi akijitenga taratibu kuelekea bonde dogo upande wa mashariki, na Luteni, bila kukatisha hotuba, akinyoosha mkono, akimshika bega na kumrudisha. Baada ya dakika chache mpishi akajitenga tena, akarudishwa tena. Pembeni yao alijiona yeye mwenyewe, ameshika kofia, anacheka.

Wiki nzima hakula vizuri, akaanza kuwashuku wote waliokuwamo kwenye picha ile, mmoja mmoja, mpaka akapanda basi kwenda kwa mpishi na kumuuliza siku ile alikuwa anakwenda wapi.

"Kumsalimia Kinyozi," mpishi alimjibu.

Akaeleza kwamba asubuhi ile ya vita Kinyozi alikuwa na homa, amelala ndani ya handaki la kuhifadhia risasi, kule bondeni, na amri ilipotoka kwamba handaki lilipuliwe lisitekwe, yeye alimwambia Luteni kuna mtu ndani, akajibiwa kwamba limeshakaguliwa. Baba akamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote ile.

"Wewe ndiye uliyesaini kwamba ulimwona akikimbia," mpishi akasema. "Nilidhani unajua kuliko mimi. Na nilidhani wewe na Luteni mko pamoja."

Baba alipeleka filamu wizarani na barua ya kuifuta saini yake, akazungushwa ofisi hadi ofisi miaka miwili, na tarehe 14 Septemba 2006 bonde lile likachimbwa, ikapatikana mifupa ya mtu mmoja, kitana cha chuma na kibati cha shingoni chenye namba ya jeshi ya Kinyozi. Luteni alijibu kwa barua kwamba kulikuwa na moshi na haraka, na kwamba hakumbuki kuambiwa lolote. Hadi leo hatujui kama alijua, na baba alikufa akiamini kwamba barua ile ya Luteni haikuandikwa na mkono mmoja.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2016, akalazwa mara nne, akiwauliza wauguzi wawili tofauti juu ya kila kidonge, na alifariki tarehe 11 Julai 2018, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira yao, majirani waliotupikia tangu msiba ulipotokea, wafanyakazi wenzake wa ghala waliobeba jeneza, na mpishi aliyesafiri siku mbili. Mwisho tunamshukuru dada yake Kinyozi, ambaye baba alikwenda kuungama kwake uani akiwa amesimama, kwa kuwa hakupewa kiti, na ambaye miaka hii miwili na nusu ya ugonjwa alikuja kila Alhamisi na kukaa naye. Jana nilimuuliza kama niseme hapa kwamba alimsamehe. Akaniambia, "Usiseme hivyo, mwanangu. Sema nilimzoea."

Nimesema. Baba, lala sasa kwa amani.